Kikapu cha Dawa: Mazungumzo na Wazee Kuhusu Moyo, Presha na Usalama wa Dawa

Mazungumzo haya yameandaliwa kusomwa katika mabaraza ya wazee, kliniki za presha na sukari na mikutano ya vijiji katika Kaunti ya Kwale. Yeyote mwenye sauti ya kusikika anaweza kuyasoma.

 Walio juani wasogee kivulini, na mzee asiyesikia vizuri apewe nafasi mbele.

Tarehe 17 Septemba kila mwaka ni Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani. Tarehe 29 ya mwezi huo huo ni Siku ya Moyo Duniani, na siku mbili baadaye, 1 Oktoba, ni siku ya wazee. Siku tatu hizo zimefuatana kama watu wa nyumba moja, na katika Kwale nyumba hiyo ni kubwa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni iliyoitwa Dawa Bila Madhara, kwa shabaha ya kupunguza kwa nusu, ndani ya miaka mitano, madhara makubwa ya dawa ambayo yangeweza kuepukwa. Mwaka 2022 siku ya usalama wa mgonjwa ilitengwa kwa jambo hilo hilo: dawa. Madhara yanayozungumzwa hapo si ya dawa bandia peke yake. Mengi hutokana na dawa halisi, iliyotolewa kwa nia njema, ikamezwa na mtu asiyestahili kuimeza, au kwa kipimo kisicho chake, au pamoja na dawa nyingine isiyopatana nayo.

Mfikirieni mzee mmoja. Asiwe wa Ukunda wala wa Bomani, na asiwe na jina. Kila mmoja wenu amwone kwa uso anaoujua. Ana miaka 74, alikuwa mvuvi, sasa anafuma nyavu kibarazani. Presha alionekana nayo miaka kumi iliyopita. Kliniki humpa tembe tatu: amlodipini, enalaprili na tembe ya kukojoza ya kupunguza maji mwilini. Anazimeza, kwa ujumla, isipokuwa siku anazojisikia vizuri.

Sasa goti linamuuma. Kijana anatumwa dukani, anarudi na tembe za diklofenaki, na kwa kweli goti linapoa. Wiki moja baadaye miguu imevimba. Jirani, mtu mwema kabisa, ana Lasix za marehemu mumewe, anampa sita. Kikohozi kikavu kinamsumbua usiku, ananunuliwa dawa ya kikohozi ya chupa. Binti yake aliyeko Muscat anasikia baba hajambo kidogo, anatuma boksi la dawa nzuri za presha za huko. Mzee anaziongeza juu ya zile za kliniki, kwa sababu zimetoka mbali na zimegharimu.

Siku ya kumi na tano mzee hataki kula. Anatapika. Mkojo umekuwa haba. Jioni anazungumza maneno yasiyoeleweka, anamwita ndugu yake aliyekufa zamani. Wako wanaosema amepigwa na upepo, na siku mbili zinapita katika kutafuta dawa ya upepo. Anapofikishwa hospitali, swali la kwanza la daktari ni hili: anakunywa dawa gani? Mwanawe anajibu: ile nyeupe ndogo, na moja ya njano, na nyingine.

Rudini nyuma mumtazame kila aliyemhudumia mzee huyo. Muuza dawa, jirani, binti, mwana: hakuna aliyemtakia mabaya. Na hakuna hata mmoja aliyejua mwenzake amempa nini.

Anzeni na diklofenaki, maana hapo ndipo maji yalipozidi unga. Dawa za maumivu za aina hii, pamoja na ibuprofeni, ambayo wengi huiita Brufen, na piroksikamu, huufanya mwili ushike chumvi na maji. Presha hupanda. Moyo uliochoka hulemewa, na miguu huvimba. Tena hupunguza damu inayofika kwenye figo. Kijana mwenye figo nzima huenda asihisi lolote. Lakini figo za binadamu huanza kupungua nguvu pole pole katika umri wa makamo, hata kwa mtu asiyewahi kuugua, na anapofika miaka 70 amebaki na akiba ndogo. Enalaprili nayo hubadili msukumo wa damu ndani ya figo, na tembe ya kukojoza hupunguza maji. Kila moja kwa peke yake huweza kuwa salama. Zikikutana zote tatu kwa mzee, hasa mzee aliyeharisha au aliyekaa bila kunywa maji siku ya jua kali, figo huweza kusimama kufanya kazi. Wafamasia wanaufahamu mkutano huo wa dawa tatu vizuri sana. Wanachohitaji ni kuambiwa kwamba mzee anameza hizo mbili za kwanza kabla hawajamuuzia ya tatu.

Kwa maumivu ya goti, parasetamoli kwa kipimo chake huwa salama zaidi kwa mgonjwa wa presha na moyo. Haina nguvu kama ya diklofenaki, na wazee husema wazi kwamba haifui dafu. Basi na waseme hivyo kliniki, ili itafutwe njia nyingine: mazoezi ya goti, dawa ya kupaka, fimbo nzuri. Sindano za maumivu zinazochomwa mitaani ni diklofenaki hiyo hiyo mara nyingi. Kupita kwenye mshipa au msuli hakuiondolei madhara yake kwa figo.

Miguu ya mzee wetu huenda ilivimba kwa sababu nyingine pia. Amlodipini, dawa nzuri na ya kawaida, huwavimbisha watu wengine vifundo vya miguu. Na enalaprili huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha. Hivyo mzee alitibiwa uvimbe ulioletwa na dawa kwa dawa nyingine, na kikohozi kilicholetwa na dawa kwa dawa ya tatu, ilhali baadhi ya dawa za mafua na kikohozi zina vitu vinavyopandisha presha. Angelisema kliniki, angebadilishiwa. Iko losatani kwa anayekohoa. Uko mpango mwingine kwa anayevimba. Jambo jipya likitokea mwilini baada ya kuanza dawa mpya, mtuhumiwa wa kwanza awe dawa hiyo, na apelekwe kwa aliyeiandika. Kuacha ghafla nako kuna hatari yake: atenololi na dawa za jamii yake zikikatwa kwa siku moja, presha na mapigo ya moyo huweza kuruka vibaya.

Majina nayo yanachanganya. Lasix na furosemidi ni dawa moja. Kila dawa ina jina lake la asili, na juu yake kila kiwanda huweka jina la biashara, na rangi yake, na boksi lake. Dawa ya Muscat iliyoitwa kwa jina la kupendeza huenda ni amlodipini ile ile iliyokuwa tayari ndani ya kikapu cha mzee, sasa anaimeza mara mbili. Presha ikishuka chini mno mzee huanguka, na mzee akianguka nyonga huvunjika. Enyi mlio na watoto Uarabuni, waambieni wasiache kutuma. Ila kabla ya kutuma wapige picha ya boksi na picha ya kadi ya kliniki, zote mbili, na mfamasia azitazame pamoja.

Wako watakaosema: basi dawa za hospitali ni sumu, turudi kwenye mizizi ya wazee wetu. Hoja hiyo ina historia, na historia yenyewe imetokea upande huu wa dunia.

Katika nyika za nyuma ya pwani, kutoka Kinango kwenda Tsavo, Waata waliwinda hata ndovu kwa upinde. Nguvu haikuwa ya mshale peke yake. Ilikuwa ya sumu nyeusi iliyochemshwa kutoka mti ambao wataalamu wa mimea huuita Acokanthera, na Wagiriama walijulikana kwa kuipika na kuiuza. Sumu hiyo huua kwa kuusimamisha moyo. Kusini zaidi, mto Zambezi, sumu ya mishale ilitoka kwenye mmea mwingine, Strophanthus. Katika miaka ya kuzunguka 1860 daktari John Kirk, aliyekuwa katika safari ya Livingstone na ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar kwa miaka mingi, alipiga mswaki ambao bila yeye kujua ulikuwa umegusana na sumu hiyo mzigoni. Alihisi uchungu mdomoni, akajipima mapigo, akaona yamepungua. Habari na vielelezo vya mmea vilifika Edinburgh, Profesa Thomas Fraser akaichunguza, na sumu ya mishale ya Afrika ikaingia katika kabati za madaktari wa Ulaya kuwa dawa ya moyo. Uingereza kwenyewe, daktari William Withering alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1785 juu ya mmea mwingine wa bustanini wenye kazi kama hiyo, na kutokana na jamii ya mmea huo ndipo tunapata digoksini, tembe ambayo baadhi ya wagonjwa wa moyo wa Kwale wanayo kikapuni leo.

Kwa hiyo hakuna ukuta kati ya mizizi na hospitali. Mzizi una nguvu. Ndiyo maana waganga wa kaya waliuheshimu na hawakumwachia kila mtu kuuchimba. Tofauti kati ya sumu ya mshale na dawa ya moyo ilikuwa kipimo. Digoksini bado iko hivyo: kipimo kinachoponya na kipimo kinachodhuru vinakaribiana sana, na kwa kuwa hutolewa na figo, kipimo kilichomfaa mtu akiwa na miaka 60 huweza kumzidi akifika 80. Mzee anayeimeza akianza kukosa hamu ya kula, kutapika, kuona vitu kama vina rangi ya njano, au mapigo yake yakawa ya polepole mno, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo pamoja na tembe zake.

Anayetumia mwarobaini, unga wa mizizi au maji ya kuchemsha ya aina yoyote aseme kliniki bila kuona haya. Daktari atakayemkemea kwa kusema kweli amekosea. Mgonjwa atakayeificha naye anajipunja. Kwa anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mitishamba mingi, dawa za maumivu na hata mabadiliko makubwa ya mboga za majani huivuruga, na damu yake inahitaji kupimwa mara kwa mara.

Kuna unga mwingine usiosemwa barazani, basi usemwe hapa kwa ufupi. Katika nchi nyingi imegunduliwa kwamba unga na asali zinazouzwa kama mitishamba ya nguvu za kiume zimechanganywa kwa siri na sildenafili, tembe ya kizungu. Mzee aliyepewa dawa ya kuweka chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua, akizitumia hizo mbili pamoja, presha yake huweza kuporomoka hadi kufa. Daktari ameyasikia maswali hayo mara nyingi kuliko mnavyodhani. Aulizwe.

Na chakula. Ng'onda na papa wa chumvi ni vitamu, na wali wa nazi bila kitu cha chumvi pembeni huonekana umepungukiwa. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa jumla, pamoja na ile iliyomo ndani ya samaki. Samaki mbichi yupo Gazi, yupo Shimoni, yupo Vanga. Anayelazimika kula mkavu amroweke na kumwaga maji yake kabla ya kupika.

Dafu ni jambo jingine, na hapa pwani hakuna mahali linakosemwa vya kutosha. Maji ya dafu yana madini ya potasiamu kwa wingi. Kwa mtu mzima wa afya hayo ni baraka. Kwa mzee anayemeza enalaprili, losatani au spironolaktoni, na ambaye figo zake zimechoka, potasiamu huweza kujaa katika damu na kuuvuruga mpigo wa moyo, wakati mwingine bila dalili yoyote ya kutangulia. Hakuna anayewakataza wazee wa Kwale dafu. Lakini mwenye ugonjwa wa figo pamoja na moyo aulize kliniki ni kiasi gani kinamfaa, na asijitibu kwa madafu matano kwa siku kwa sababu ameambiwa yanasafisha figo. Chumvi za kubadilisha chumvi ya kawaida zinazouzwa madukani kwa wagonjwa wa presha nazo mara nyingi ni potasiamu.

Ramadhani ina mambo yake. Wapo wazee ambao kufunga si salama kwao, na dini yenyewe imewapa ruhusa wagonjwa. Wapo wanaoweza kufunga kwa kubadilishiwa saa za dawa. Dawa ya mara moja kwa siku huhamishwa kwa urahisi. Ya mara tatu haiwezekani kubanwa kati ya futari na daku bila ushauri. Na tembe ya kukojoza ikimezwa daku, mzee hushinda mchana kutwa anapoteza maji asiyoweza kuyarudisha. Wakati wa kwenda kliniki kwa shauri hilo ni Shaabani, mwezi haujaandama. Kila mwaka wapo wanaokuja siku ya kumi ya mfungo, wamebebwa.

Usiku, mzee mwenye dawa za presha asiruke kitandani kwenda msalani. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, ahesabu hadi ishirini au zaidi, ndipo ainuke akishika kitu. Hata anapoinuka kutoka kusujudu, kizunguzungu kikimjia, aswali ameketi siku hiyo na habari hiyo ifike kliniki, maana huenda kipimo cha dawa kimekuwa kikubwa.

Presha haiumi, na hilo ndilo tatizo lake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Anayemeza dawa akapimwa 130 juu ya 80 hajapona. Dawa ndiyo iliyoishika hapo. Akiacha, hurudi. Kila kijiji sasa kina wahamasishaji wa afya ya jamii, na tangu Septemba 2023 serikali ilipoanza kuwagawia mikoba ya vifaa, mashine ya presha na ya sukari ni miongoni mwa vilivyomo. Kupimwa kibarazani kwako hakuhitaji nauli ya matatu wala bodaboda.

Sasa kikapu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, kwa hiyo kitafutwe kikapu cha ukindu, na Kwale hakuna uhaba wa vikapu. Ndani yake iwekwe kila kitu ambacho mzee anameza, anapaka, anachemsha au anadondosha machoni: za kliniki, za dukani, za jirani, za Muscat, na ile chupa ya maji meusi isiyo na jina. Visikae dirishani wala karibu na jiko; joto na unyevu wa pwani huharibu tembe, hasa zikitolewa katika karatasi zake na kuchanganywa ndani ya kopo moja. Kikapu kiende na mzee kila anapokwenda: zahanati, Diani, Tiwi, Kikoneni, hospitali ya Msambweni, na hata akivuka feri kwenda Makadara. Mtoto mmoja wa nyumba, mwenye kusoma vizuri, aandike orodha ya majina na saa na kuibandika ndani ya kabati, na apige picha ya orodha hiyo kwa simu. Dawa zinunuliwe katika duka lenye cheti cha Bodi ya Famasia na Sumu ukutani. Za marehemu zirudishwe hospitali au kwa mfamasia, zisigawiwe pamoja na nguo zake.

Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Mzee ambaye hajasajiliwa asaidiwe kupiga *147# kabla hajaugua, maana usajili katika saa ya dharura huchelewesha watu.

Zipo dalili zisizongoja baraza. Kifua kubana, maumivu kwenda mkononi au tayani, jasho la baridi. Kwa wazee na wenye sukari moyo unaweza kushambuliwa bila maumivu makali; huonekana kukosa pumzi na kulegea tu. Kushindwa kulala bila mito mitatu, kuamka usiku akihema, uzito kuongezeka kilo mbili kwa siku chache. Uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito: hicho ni kiharusi, na kila saa inayopita inakula ubongo. Kinyesi cheusi kama lami kwa anayemeza aspirini au dawa ya maumivu. Mkojo kukatika. Maneno yasiyoeleweka yaliyoanza ghafla. Wanaotaka kumsomea mzee dua wamsomee ndani ya gari.

Msomaji akifika hapa awapishe wahamasishaji wa afya. Meza ya kupimia presha iwe karibu na kivuli, wazee wakae dakika tano kabla ya kufungwa mkono, na wa kwanza kuitwa wawe waliokuja na dawa zao.